Uzi maalumu: Rameni ya Kijapani yenye kipande cha nguruwe cha kukaanga, kuanzia mifupa hadi bakuli

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam.

Nimekuwa nikipika rameni, yaani bakuli la tambi za ngano katika supu, nyumbani kwa muda mrefu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni namna ya kuweka kipande cha nyama kilichokaangwa juu ya bakuli la supu ya moto bila kipande hicho kulowa na kubanduka gamba lake kabla mlaji hajafika katikati ya chakula. Mapishi mengi yanayozunguka mitandaoni hulipita swali hilo. Yanaeleza tambi, yanaeleza supu, kisha yanasema uweke tonkatsu, yaani kipande hicho cha nguruwe cha kukaanga, juu na ule. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Chenga za mkate zilizokaangwa zina matundu mengi, na matundu hayo ndiyo yanayozifanya zivunjike vizuri mdomoni; lakini zikikutana na supu yenye nyuzijoto zaidi ya 80, zinaifyonza kwa dakika chache tu, gamba linajitenga na nyama, na mafuta yaliyokuwamo yanatoka na kutanda juu ya supu uliyoihangaikia tangu asubuhi.

Msimamo wangu, ambao nitautetea katika uzi huu wote, ni huu: kipande kitakachokaa ndani ya supu kivishwe wanga, na kipande kilichovishwa chenga za mkate kiletwe kwenye sahani yake pembeni, mlaji achovye mwenyewe. Wajapani wana chakula kinachofuata njia ile ya kwanza, nacho huitwa paiko-men: rameni ya sosi ya soya iliyowekewa nyama ya nguruwe iliyokolezwa viungo, ikavingirishwa katika wanga na kukaangwa. Asili ya kipande hicho ni upishi wa Kichina, na huko Japani kimekaa muda mrefu kiasi cha kuwa na migahawa inayojulikana kwa chakula hicho. Gamba la wanga nalo hulowa, asidanganyike mtu, lakini likilowa linakuwa laini na la kuteleza, linashika mchuzi, na linabaki limeng'ang'ania nyama hadi tonge la mwisho.

Tahadhari moja kwa wanaotafuta mapishi haya wenyewe: tonkatsu ni kipande cha kukaanga, ilhali tonkotsu ni supu nyeupe nzito ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa nguvu kwa saa nyingi, ile inayohusishwa na Fukuoka na maeneo mengine ya kisiwa cha Kyushu. Supu hiyo ni tamu sana, lakini siishauri kwa kipande cha kukaanga. Mafuta juu ya mafuta humchosha mlaji, na ladha ya nyama iliyokaangwa hupotelea humo. Kipande cha kukaanga kinahitaji supu angavu yenye chumvi ya kutosha na harufu ya samaki kwa mbali.

Nianze na supu, kwa kuwa ndiyo inayochukua muda. Kwa mabakuli manne natumia kilo moja ya mifupa ya kuku pamoja na miguu yake, kilo moja ya mifupa ya nguruwe ya mgongo au shingo, na lita nne za maji. Mifupa ya nguruwe ichemshwe peke yake kwanza kwa dakika kumi, maji yale yamwagwe, kisha kila mfupa uoshwe chini ya bomba na damu iliyoganda kandokando ya uti itolewe kwa kidole. Anayeiruka hatua hii atapata supu ya kijivu yenye harufu ya bucha, na hakuna tangawizi itakayoifukuza harufu hiyo. Baada ya hapo mifupa yote iwekwe katika maji baridi, moto uwashwe, povu lienguliwe kadiri linavyopanda, na mara supu inapokaribia kuchemka moto upunguzwe hadi uone kiputo kimoja kimoja kikipanda. Ikae hivyo kwa saa nne au tano bila kufunikwa kabisa na bila kukorogwa. Supu ikitokota kwa nguvu, mafuta huvunjikavunjika na kuchanganyika na maji, nayo inageuka nyeupe. Vipande vya tangawizi, vitunguu saumu na majani ya vitunguu viingie saa ya mwisho tu, kwani vikikaa muda wote harufu yake hufa.

Ikiiva, ichujwe kwa kitambaa safi, na mafuta yanayoelea juu yaenguliwe na kuhifadhiwa. Tutayahitaji.

Sehemu ya pili ya supu ni maji ya mwani na samaki wakavu. Wajapani hutumia kombu, yaani mwani mpana mkavu wa bahari za baridi, pamoja na katsuobushi, ambayo ni minofu ya samaki jamii ya jodari iliyofukizwa moshi, kukaushwa na kukwanguliwa, au niboshi, ambao ni samaki wadogo waliochemshwa kisha wakakaushwa. Sababu ya kuchanganya mwani na samaki inajulikana vizuri. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alitenga glutamati kutoka katika kombu na kuieleza kuwa ndiyo chanzo cha ladha aliyoiita umami. Mwaka 1913 Shintaro Kodama akaonyesha kwamba ladha ya katsuobushi hutokana na inosinati. Na utafiti wa Akira Kuninaka baadaye ukathibitisha kwamba viwili hivi vikikutana, ladha inayosikika ulimini huzidi sana jumla ya kila kimoja peke yake. Ndiyo maana mpishi mzuri haongezi kombu mara mbili anapoona supu imepooza. Anaongeza samaki.

Kwa hiyo loweka gramu 10 za kombu na gramu 20 za samaki wakavu katika nusu lita ya maji baridi usiku kucha. Asubuhi pasha moto taratibu, toa kombu kabla maji hayajachemka kwa sababu ikichemka huleta ute na uchungu, acha samaki dakika kumi katika moto mdogo, chuja, kisha changanya na supu ya mifupa.

Nitaendelea na tare, tambi na nyama katika michango inayofuata. Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa Kigoma

Asante kwa uzi, mkuu. Kombu nimeiona katika duka moja la vyakula vya Asia, lakini niboshi sijawahi kuziona. Sisi huku dagaa ndiyo maisha yetu. Je, dagaa wa Kigoma wanafaa? Na mwani wa Zanzibar je, hauwezi kushika nafasi ya kombu?

Mwanzisha uzi

Mkuu, swali lako ni zuri, na jibu lake lina pande mbili.

Dagaa wanafaa. Niboshi za kawaida ni samaki wadogo wa baharini wanaochemshwa katika maji ya chumvi mara baada ya kuvuliwa, kisha hukaushwa, na hivyo ndivyo dagaa wa Zanzibar wanavyotayarishwa: wanachemshwa katika maji ya chumvi na kuanikwa juani. Kwa hiyo anayeweza kuwapata dagaa bahari wa kuchemshwa asihangaike kuagiza niboshi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika nao ni wa jamii ya sardini, na ladha yao katika supu ni nzuri sana, ila kwa kawaida huanikwa bila kuchemshwa, kwa hiyo wana mchanga na harufu kali zaidi. Waoshe, wakauke, wapashe kidogo katika kikaango kikavu. Dagaa wa Ziwa Viktoria ni samaki wa jamii nyingine kabisa, na supu yao hunielemea upande wa harufu ya ziwa. Mimi siwatumii hapa, ingawa kwenye mchuzi wa nyanya ni watamu.

Kwa dagaa wa aina yoyote, kazi isiyokwepeka ni kutoa vichwa na matumbo. Shika dagaa mkavu kwa vidole viwili nyuma ya kichwa, kivunje kichwa kwa kukivuta kuelekea tumboni, na utaona kijifundo cheusi kikitoka pamoja nacho. Kijifundo hicho ndicho kinacholeta uchungu. Kwa gramu 20 ni kazi ndogo ya barazani, na tofauti yake inaonekana hata katika rangi ya maji.

Kuhusu mwani, jibu ni hapana. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyekundu na hulimwa kwa ajili ya karajini, kitu kinachotumika viwandani kugandisha vyakula na kuvipa uzito, ilhali kombu ni wa jamii ya kahawia wenye glutamati nyingi. Ukichemsha mwani wetu utapata uzito, hutapata ladha. Asiye na kombu atumie uyoga mkavu wa shitake pamoja na nyanya moja iliyoiva, iliyokatwa katikati na kutolewa mbegu, akaiweka kwenye supu kwa nusu saa ya mwisho. Nyanya nayo ina glutamati, na kiasi hicho hakiigeuzi supu kuwa mchuzi wa nyanya.

Sasa tare, yaani kikolezo kinachowekwa chini ya bakuli kabla ya supu. Supu yenyewe haitiwi chumvi hata chembe. Chumvi yote imo katika tare. Pasha mililita 120 za sosi ya soya, mililita 40 za mirini (pombe tamu ya mchele ya kupikia), mililita 20 za sake (pombe ya mchele), kijiko kidogo cha sukari na kipande cha kombu, katika moto mdogo kwa dakika tano bila kuchemsha kwa nguvu, halafu acha ipoe. Kila bakuli litapata mililita 30 kwa mililita 330 za supu. Soma maandishi ya chupa ya sosi kabla hujanunua: inayofaa imeandikwa soya, ngano, maji na chumvi. Ile nyeusi nzito iliyotiwa rangi na sukari ya kuunguzwa itafanya bakuli zima liwe tamu-tamu, na makosa hayo hayarekebishiki.

Mchangiaji wa Nairobi

Ndugu, mimi nimeishi na Wajapani kazini na sijamwona hata mmoja akiweka tonkatsu katika rameni. Wanaila na wali, kabichi mbichi na supu ya miso, yaani rojo la soya iliyochachushwa. Je, hiki si kitu kilichobuniwa na wageni?

Mwanzisha uzi

Ndugu, ulichokiona ndicho cha kawaida zaidi, na ndiyo sababu nilisema mapema kwamba kipande cha chenga za mkate kinapendeza pembeni. Hata hivyo paiko-men si ubunifu wa wageni, na wapo pia wauza rameni wa Japani wanaoweka tonkatsu juu ya bakuli.

Tukitazama historia, vyakula vyote viwili ni vya juzi kwa kipimo cha Japani, na vyote vilitoka nje vikapata uraia huko. Kwa karne nyingi ulaji wa nyama ulizuiwa kwa amri na kwa imani. Amri ya Mfalme Tenmu ya mwaka 675 ilikataza nyama za ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku. Mambo yaligeuka wazi mwaka 1872, ilipotangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama. Mgahawa wa Rengatei uliopo Ginza, Tokyo, ulianza mwaka 1895, na ndio unaotajwa kuwa ulianza kuuza kipande cha nguruwe cha kukaanga katika mafuta mengi mwaka 1899, kwa kukibadilisha kipande cha Kifaransa kilichokuwa kikikaangwa kwa siagi. Kwa upande wa tambi, mgahawa wa Rairaiken ulifunguliwa Asakusa, Tokyo, mwaka 1910 na mwenyeji Mjapani aliyeajiri wapishi Wachina kutoka Yokohama, na ndio ulioeneza rameni ya sosi ya soya miongoni mwa wakazi wa Tokyo. Vyakula viwili vilivyokulia katika mji mmoja na katika kizazi kilekile kukutana katika bakuli moja si jambo la kushangaza.

Mchangiaji wa Arusha

Mkuu, tunasubiri tambi. Na mimi nina swali la mapema: nimesoma kwamba tambi hizi zinatiwa kitu kama magadi. Huku magadi tunayo tele. Yatumike?

Mwanzisha uzi

Kinachotiwa huitwa kansui, nacho ni mchanganyiko wa sodiamu kabonati na potasiamu kabonati. Hiki ndicho kinachoitenga tambi ya rameni na tambi nyingine zote za ngano. Kinaukaza unga, kinaufanya uvutike na kurudi, na kinaupa rangi ya manjano hata pasipo yai, kwa kuwa chembechembe za rangi zilizomo katika ngano hubadilika zikikutana na kitu chenye asili ya alkali kama hiki. Utaliona jambo hilo mbele ya macho yako: mara maji yale yanapogusa unga mweupe, unageuka manjano hafifu na kutoa harufu ya pekee.

Magadi ya mawe ya Bonde la Ufa ni sodiamu kabonati na bikabonati kwa pamoja, kwa hiyo kikemia wewe umelenga sawasawa. Hata hivyo nakushauri usiyatumie, kwa sababu mbili. Magadi hayo mara nyingi yana floridi nyingi, inayoharibu meno na mifupa, hasa ya watoto. Pili, nguvu yake hubadilika kutoka jiwe hadi jiwe, na tambi hizi hazivumilii makadirio. Gramu mbili zikizidi, unapata tambi yenye ladha ya sabuni.

Njia salama ni kuchukua soda ya kuokea ya dukani, ile sodiamu bikabonati tupu, na si bekingi pauda ambayo imechanganywa na asidi na wanga. Itandaze katika bati la oveni na uioke kwa nyuzijoto 130 kwa muda wa saa moja. Joto linaifukuza hewa ya ukaa na mvuke, na kinachobaki ni sodiamu kabonati. Mizani itakuambia kama kazi imekamilika: gramu 100 zikiiva kabisa zinabaki takriban 63. Asiye na oveni atumie kikaango kikavu na moto mdogo, akikoroga na kupima hadi uzito uache kushuka. Kitu hiki ni kikali kuliko soda ya kawaida, kwa hiyo usikishike kwa mikono yenye maji, na ukihifadhi katika chupa iliyofungwa na kuandikwa jina mbali na watoto.

Kwa watu wanne chukua gramu 400 za unga wa ngano wenye nguvu ya wastani, unga wowote mweupe unaotoa chapati nzuri. Yeyusha gramu 5 za soda iliyookwa katika mililita 150 za maji, kisha gramu 4 za chumvi. Mimina maji hayo kidogo kidogo huku ukikoroga unga kwa vidole vilivyotanuliwa. Hautashikana, nao haupaswi kushikana. Utabaki kama chenga zenye unyevu, na hapo watu wengi huogopa na kuongeza maji. Usiongeze. Funika kwa nusu saa, chenga zile zitakunywa maji zenyewe, kisha zikusanye, zifunge katika nailoni nene ya chakula na uzikandamize kwa kifimbo cha chapati hadi ziwe bamba moja. Mwenye mashine ya kusukumia tambi aipitishe, aikunje, aipitishe tena mara kadhaa. Asiye nayo agawe unga katika vidonge vinne na asukume kwa nguvu, akiuacha upumzike dakika kumi kila unapogoma. Bamba likifikia unene wa milimita moja na nusu au mbili, linyunyizie wanga, likunje, ulikate kwa kisu kikali nyuzi nyembamba kadiri unavyoweza.

Baada ya kukata, zikusanye nyuzi katika kiganja na uziminye taratibu, uziachie, uziminye tena, mpaka ziwe na mawimbi. Mawimbi hayo hubeba supu. Kisha zilaze kwenye jokofu hadi kesho yake zikiwa zimefunikwa. Tambi iliyolala ni bora kuliko ya siku hiyohiyo, kwa kuwa unyevu umesambaa sawasawa. Zichemshwe katika maji mengi yasiyo na chumvi kwa dakika mbili hivi, zichujwe na kukung'utwa kwa nguvu. Maji yanayobaki katika tambi hupunguza makali ya supu.

Mchangiaji wa Kampala

Je, asiyeweza kutengeneza tambi atumie zile za pakiti?

Mwanzisha uzi

Atumie bila wasiwasi, akiziacha pakiti za viungo kando. Tambi za papo kwa papo zilianza mwaka 1958 pale Momofuku Ando alipoingiza sokoni Chikin Ramen huko Japani, na siri ya aina hiyo ni kwamba zimekaangwa tayari kiwandani. Kwa sababu hiyo zichemshe katika maji yake peke yake, uyamwage maji hayo pamoja na mafuta yake, ndipo uziweke katika supu yako. Zipunguzie nusu dakika kuliko maelekezo, maana zitaendelea kuiva bakulini.

Sasa nyama, ambayo ndiyo iliyotuleta hapa. Nunua katika bucha ya kitimoto ambayo nyama yake ina mhuri wa mkaguzi, na uombe nyama ya mgongo isiyo na mfupa, yenye ukanda wa mafuta upande mmoja. Kwa paiko ikatwe unene wa sentimita moja, kila kipande gramu 120 hivi. Kati ya mafuta na nyama kuna utando mweupe mgumu. Uchanje kwa ncha ya kisu sehemu nne au tano hadi uingie kidogo katika nyama, kwani utando huo hujikunja haraka ukipata moto na kukifanya kipande kijipinde, upande mmoja uungue na mwingine ubaki mbichi. Kisha kipondeponde kwa mgongo wa kisu kizito pande zote mbili, bila kukichana.

Kwa vipande vinne changanya vijiko viwili vikubwa vya sosi ya soya, kijiko kikubwa kimoja cha sake, tangawizi na kitunguu saumu vilivyosagwa, pilipili manga, na nusu kijiko kidogo cha bizari ya mchuzi. Bizari isikustaajabishe, wapishi wengi wa paiko wa Japani hutia unga wa kari, na harufu yake ikikutana na supu ya sosi ya soya ni jambo la kufurahisha sana. Nyama ikae humo nusu saa tu. Ikizidi, chumvi huvuta maji na nyama inakauka.

Itoe, ikung'ute, na uiviringishe katika wanga wa viazi. Asiyeupata atumie wanga wa muhogo, yaani ule mweupe laini uliochujwa na kutuama, na si unga wa muhogo wa ugali. Wanga wa mahindi unafaa pia, ingawa gamba lake ni gumu zaidi na halishiki supu vizuri. Bonyeza wanga kwa kiganja, acha kipande dakika tano hadi uone madoa ya unyevu yakijitokeza juu yake, kisha rudia tena wanga kwa wepesi. Tabaka hilo la pili ndilo linalotoa gamba lenye mikunjo.

Mafuta yawe na kina cha sentimita nne katika karai, yakiwa na nyuzijoto 170. Asiye na kipimajoto adondoshe tone la uji mzito wa unga wa ngano na maji: likizama hadi chini na kuchelewa kupanda, mafuta bado; likifika katikati na kurudi juu, yamefikia; likitawanyika juujuu papo hapo, yamepita kiasi. Kaanga vipande viwili kwa wakati mmoja, dakika tatu, ukigeuza mara moja. Sikiliza mlio. Mwanzoni ni mzito kwa sababu maji mengi yanatoka. Unapokuwa mwembamba na wa juu, na viputo vimekuwa vidogo, toa. Kipande kipumzike dakika tatu juu ya wavu, kisha kirudi katika mafuta yenye nyuzijoto 185 kwa muda usiozidi dakika moja.

Nyama hii iive kabisa. Kwetu tegu wa nguruwe ni tatizo la kweli la kiafya, na Japani yenyewe ilipiga marufuku Juni 2015 kuuza nyama ya nguruwe ya kuliwa mbichi. Anayeweza kupima, katikati ya kipande pasome nyuzijoto 71 au zaidi. Kipande chembamba kilichokolezwa vizuri kinafika hapo kikiwa bado na maji yake.

Kwa wanaotaka cha chenga za mkate pembeni: nyama iwe na unene wa sentimita mbili, itiwe chumvi na pilipili manga tu, ipite katika unga wa ngano, yai lililopigwa, kisha panko. Panko hutengenezwa kwa mkate mweupe wa siku mbili uliotolewa ukoko, ukachambuliwa kwa kukwaruzwa kwenye kikwaruzo kipana na kukaushwa bila kubadilika rangi. Ikaangwe kwa nyuzijoto 165 hadi 170 kwa dakika tano au sita na ipumzike dakika nne.

Mchangiaji wa Mombasa

Assalaam alaykum ndugu. Nyumbani kwetu hatuli nguruwe wala hatutumii pombe hata ya kupikia, lakini uzi huu umenipa hamu. Kuna njia?

Mwanzisha uzi

Waalaykum salaam dada au kaka yangu, njia ipo, na haina upungufu. Supu iwe ya kuku mtupu. Ongeza miguu na shingo hadi kilo mbili, kwa kuwa miguu ndiyo yenye gundi inayoipa supu mwili. Japani kuna rameni nyingi zisizo na nguruwe hata kidogo. Kipande kiwe paja la kuku lisilo na mfupa, likiwa na ngozi yake, lipondwe hadi unene uwe sawa na likolezwe vilevile, ila likaangwe dakika nne badala ya tatu, na ndani lifike nyuzijoto 74. Mahali pa mirini na sake weka maji yaliyolowekwa kombu, vijiko viwili vidogo vya sukari na matone ya maji ya limau, siyo siki ya mvinyo. Angalia pia chupa ya sosi ya soya, kwani baadhi huongezwa pombe kiwandani. Tafuta iliyothibitishwa kuwa halali.

Mchangiaji wa Dodoma

Mkuu, tueleze mpangilio wa mwisho. Mimi kila kitu huiva kwa wakati wake na hakuna kinachofika mezani kikiwa cha moto.

Mwanzisha uzi

Hapa mpangilio ndio upishi wenyewe. Kaanga mkaango wa kwanza mapema, kabla hata wageni hawajaketi. Supu iwe jikoni inakaribia kuchemka, maji ya tambi yanatokota, na mabakuli yamejazwa maji ya moto ili yapate joto. Tumbukiza nyama katika mkaango wa pili na tambi katika maji kwa kufuatana bila kupumzika. Nyama ikitoka, ikae kwenye wavu. Mwaga maji ya mabakuli, weka tare, na kijiko kidogo kimoja cha yale mafuta ya supu tuliyoyahifadhi, yakiwa yamepashwa na vitunguu hadi vikaanza kunukia. Kwa rameni ya kawaida ningetia kijiko kikubwa, lakini kipande kinakuja na mafuta yake. Mimina supu, weka tambi, zinyooshe kwa vijiti zilale upande mmoja, halafu mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, nusu yai lililochemshwa dakika sita na nusu, na vitunguu majani.

Nyama iwe ya mwisho. Ikate vipande vya upana wa sentimita mbili kwa kisu kinachoshuka moja kwa moja bila kusugua, uinyanyue yote kwa ubapa wa kisu na kuilaza juu ya tambi, nusu ikiwa ndani ya supu na nusu nje. Kwa namna hiyo kila mlaji anapata pande zote mbili: gamba linalovunjika kwanza, na baadaye gamba lililokunywa supu. Mabakuli yaende mezani mawili mawili, na wa kwanza waanze kula bila kuwasubiri wengine, maana tambi hizi huvimba haraka na heshima ya kusubiriana inaziharibu.

Mchangiaji wa Dodoma

Na kikibaki?

Mwanzisha uzi

Supu isiyotiwa tare hukaa jokofuni siku tatu na kwenye friza mwezi mmoja au zaidi. Ipooze haraka kwa kuzamisha sufuria katika beseni la maji baridi kabla ya kuihifadhi. Tare hukaa wiki kadhaa. Kipande kilichobaki usijaribu kukirudishia ukavu wake. Kata kitunguu maji nyembamba, kichemshe katika upawa wa supu na kijiko cha tare hadi kilainike, panga vipande vya nyama juu yake, mimina mayai mawili yaliyopigwa kidogo tu, funika kwa dakika moja, na uyamimine yote juu ya wali wa moto. Wajapani huita chakula hicho katsudon, na gamba la chenga za mkate, lile ambalo nimelikataza kwenye rameni, hapo ndipo linapotakiwa kulowa.